Kiwanja ni Mchanga Mtupu, Mbona Maji Hayaondoki? Tabaka la Mfinyanzi Chini ya Pembezoni mwa Dar es Salaam

Ujumbe wa wasikilizaji hubadilika kadiri masika yanavyosonga. Mwanzoni mwa Machi watu wanauliza habari za mbegu na bei ya mbolea. Ikifika mwisho wa Aprili, maswali yanaanza kuingia kutoka Chamazi, Mbande na Toangoma upande wa Temeke, na kutoka Boko, Bunju na Mabwepande upande wa Kinondoni. Yanafanana mno: niliuziwa kiwanja cha mchanga, dalali akanihakikishia maji hayatuami, mwaka wa kwanza mambo yalikuwa shwari, sasa choo kimejaa na uani tunapita juu ya matofali.

Wengine wanaouliza hawaishi huko kabisa. Wako Rufiji, Kilwa au Kisarawe, na wamemtumia kijana wao fedha za korosho au za ufuta anunue kiwanja mjini. Nao wanataka kujua kama wameibiwa.

Tukiwa hewani tumezoea kujibu kwamba mvua zimezidi, mitaro haipo na watu wamejenga mabondeni. Majibu hayo yana ukweli. Masika ya 2024 hayajasahaulika: mwezi Aprili mwaka huo Waziri Mkuu Kassim Majaliwa aliliambia Bunge kwamba mvua za El Nino zilikuwa zimeua watu 155 nchini na kuathiri zaidi ya watu 200,000. Lakini majibu hayo hayamsaidii mtu ambaye hajajenga bondeni, ambaye kiwanja chake kiko juu kwenye mwinuko na ni mchanga kama wa ufukweni, halafu maji bado yamesimama. Jibu la mtu huyo liko chini ya miguu yake, pengine mita moja, pengine mbili. Kuna tabaka la mfinyanzi, na limekuwapo tangu kabla ya babu wa babu yake.

Chukua chepe uchimbe kwenye kiwanja cha namna hiyo. Kwanza utakutana na mchanga wa rangi ya kijivu au wa hudhurungi iliyofifia, mwepesi, unaomomonyoka mkononi. Kadiri unavyoshuka rangi inakolea. Halafu chepe linaanza kugoma, na fundi anaomba sululu. Udongo unaotoka sasa ni mwekundu au wa manjano, unanata, na ukiufinyanga unakaa umbo. Mafundi wa visima na vyoo wa Mbagala wanalijua badiliko hilo kwa mikono, kwa sababu hapo ndipo bei ya kuchimba inapopanda. Swali ni kwamba mfinyanzi huo ulifikaje chini ya mchanga.

Mfinyanzi ni udongo wa chembe ndogo kupita kiasi. Chembe moja haifiki sehemu mbili za elfu za milimita, kwa hiyo jicho haliwezi kuiona ikiwa peke yake. Punje ya mchanga ikiwa na ukubwa wa chungwa, chembe ya mfinyanzi haifikii hata punje ya chumvi. Chembe hizo hutokana na mawe. Kuna aina za mawe ambazo maji ya mvua, yenye ukali kidogo sana, huyalainisha taratibu mpaka madini yake yakageuka kuwa mfinyanzi. Mfano mkubwa uko jirani, kwenye vilima vya Pugu. Mchanga uliogandamana kuwa mwamba umeliwa na maji kwa muda mrefu hadi sehemu yake ikawa kaolini, ule udongo mweupe unaofaa kutengeneza vyombo vya kauri. Mapango ya Pugu ambako watu huenda kuangalia popo ni machimbo ya zamani ya kaolini hiyo. (Akina mama wanaotafuna ule udongo wa kula unaoitwa pemba wanatafuna jamaa wa karibu wa madini hayohayo, ila hiyo ni habari ya siku nyingine.)

Basi tuseme una udongo ambao mchanga na mfinyanzi umechanganyika kutoka juu mpaka chini. Kiangazi kinaukausha. Mvua ya kwanza ikipiga, maji yanaingia kwa nguvu na kuzitikisa chembe ndogo zikaachana na punje za mchanga. Maji yanakuwa kama chai ya maziwa. Yanashuka kupitia nyufa, njia za mizizi iliyooza na vishimo vya mchwa na nyungunyungu, yakiwa yamezibeba chembe hizo. Kisha yanafika mahali pakavu zaidi, na udongo mkavu unayanyonya. Maji yameingia ndani, chembe zimebaki ukutani mwa ufa kama ukoko mwembamba, mfano wa masizi ya chai kwenye kikombe.

Mvua moja haifanyi lolote la kuonekana. Lakini Pwani tuna masika na vuli, na kiangazi katikati yake, kwa hiyo kazi ya kulowesha na kukausha inafanyika mara mbili kila mwaka. Rudia hiyo kwa miaka elfu kadhaa, pengine makumi elfu. Juu panabaki mchanga uliosafishwa, chini vitundu vinazibwa kidogo kidogo. Na kadiri tabaka linavyobana ndivyo linavyozinasa chembe nyingi zaidi, maana maji sasa yanasimama juu yake muda mrefu badala ya kupita. Ukivunja bonge la udongo huo na kuliangalia kwenye jua, mara nyingi utaona ngozi laini inayong'aa kwenye kuta zake. Ngozi hiyo ndiyo ule ukoko. Wataalamu wa udongo huitafuta wanapotaka kuthibitisha kwamba mfinyanzi ulihamia hapo kutoka juu.

Hiyo siyo njia pekee. Mahali pengine mfinyanzi wa juu umesombwa na maji yanayotiririka, ukabaki wa chini tu. Mahali pengine madini yameoza na kuwa mfinyanzi palepale yalipo. Na mabondeni, kandokando ya mito ya Msimbazi, Kizinga, Mzinga, Tegeta na Mpiji, mafuriko ya zamani yalitandaza tope lililotulia polepole, kisha mafuriko mengine yakatandaza mchanga juu yake. Huko unaweza kukuta mfinyanzi, mchanga, halafu mfinyanzi tena, kama godoro lililoshonwa kwa vitambaa tofauti. Mwenye kiwanja bondeni na mwenye kiwanja mlimani wote wana tabaka, ila hawana tabaka la namna moja, na dawa ya mmoja huenda isimfae mwenzake.

Nchi yetu ina nafasi ya heshima katika elimu hii, na sijui kwa nini hatuisemi. Katika miaka ya 1930, kituo cha utafiti wa kilimo cha Amani, milimani Usambara, kilikuwa na mkemia wa udongo aliyeitwa Geoffrey Milne. Alizunguka Tanganyika akichimba mashimo na kuchora. Aliona kwamba udongo wa kilimani, wa mteremkoni na wa bondeni unajirudia kwa mpangilio uleule, kilima baada ya kilima: mwekundu juu, kichanga katikati, mweusi au wa kijivu chini. Mwaka 1935 aliupa mpangilio huo jina la katena, neno la Kilatini lenye maana ya mnyororo, kwa sababu kila udongo umeshikana na wa jirani yake kwa njia ya maji yanayoteremka. Leo neno hilo liko katika vitabu vya udongo dunia nzima, na lilizaliwa hapa.

Lakini wenyeji walikuwa na majina yao kabla ya mkemia huyo kufika. Msukuma ukimwonyesha mteremko atakuambia hapa ni luseni, kichanga chepesi, panda mihogo na karanga. Pale ni itogolo, juu mchanga na chini pagumu, maji hayapiti. Na kule chini ni mbuga. Kwenye itogolo hakulalamika kuhusu tabaka gumu. Alichimba majaruba, akayakinga maji yaliyokataa kushuka, akapanda mpunga. Tabaka hilohilo linalomlilia mwenye nyumba wa Chamazi ndilo linalowalisha watu wali Shinyanga.

Sasa turudi mjini. Ukitoka Pugu ukashuka kuelekea baharini unaupitia mnyororo huo, ingawa nyumba zimeufunika. Kwenye miinuko mingi utakuta udongo mwekundu wa kichanga wenye mfinyanzi ndani yake. Mteremkoni mchanga unapauka na tabaka linakuwa karibu zaidi. Bondeni ni kijivu. Miaka 40 iliyopita sehemu kubwa ya pembezoni ilikuwa mashamba ya minazi, mikorosho, miembe na mihogo, na wakulima walijua pa kupanda nini. Mihogo ikioza kila masika mahali fulani, hapo waliachiwa wapanda mpunga au waliotaka kuchunga. Ujuzi huo haukuandikwa kwenye hati ya kiwanja. Mashamba yalipokatwa vipande na kuuzwa, mkulima alichukua fedha zake na ujuzi wake akahamia Mkuranga.

Na vipande vilikatwa kwa kasi. Sensa ya 2012 ilihesabu watu milioni 4.36 mkoani Dar es Salaam. Ya 2022 ikahesabu milioni 5.38. Zaidi ya watu milioni moja katika miaka kumi, na nafasi ya kuwaweka haikuwa Kariakoo.

Hapa nataka tufanye hesabu kidogo, kwa sababu hesabu hii ndiyo inayoeleza kwa nini mwaka wa kwanza mambo yalikuwa shwari.

Kiwanja cha mita 20 kwa 20 kina mita za mraba 400. Ikinyesha mvua ya milimita 50, ambayo kwa masika ni mvua ya siku moja, kiwanja hicho kimepokea lita 20,000. Mchanga unazimeza bila shida; mchanga hupitisha maji sentimita nyingi kwa saa. Lakini tabaka la mfinyanzi lililobana vizuri linaweza kupitisha milimita moja kwa saa au chini ya hapo. Kwa mwendo huo, maji ya mvua ya siku moja yanahitaji saa 50 kupenya. Kabla hazijaisha, mvua nyingine imeshanyesha.

Kwa hiyo mchanga ulio juu ya tabaka ni ndoo. Ikiwa una mita moja ya mchanga, na robo ya ujazo wake ni nafasi tupu ya kukaa maji, ndoo hiyo inabeba milimita 250 za mvua. Mwezi wa Aprili peke yake Dar es Salaam hupata wastani unaokaribia kiasi hichohicho. Mvua za Machi zinazama na kila mtu anasifu kiwanja. Mwisho wa Aprili ndoo imejaa, na tone linalofuata halina pa kwenda. Mwenye nyumba anaona mvua ndogo ya nusu saa imeleta bwawa, anashangaa, kumbe kilichomfurika ni mkusanyiko wa wiki sita.

Zamani ndoo hiyo ilikuwa na wanywaji. Mwembe na mkorosho hunyonya maji mengi kila siku na kuyarudisha angani. Tumeikata. Badala yake tumeweka bati, ambalo linakusanya mvua ya paa zima na kuimwaga pembeni mwa msingi, na uani tumetandika vitofali. Halafu jirani anajaza kifusi ili kiwanja chake kiwe juu kuliko cha mwenzake, na maji yake yanahamia kwa mwenzake. Mwaka wa kwanza ulikuwa na nyumba tano mtaani. Sasa zipo 60. Tabaka ni lilelile, kilichobadilika ni sisi tulio juu yake.

Na ndani ya ndoo hiyohiyo tumechimba vyoo.

Hili ndilo linalonifanya nisiridhike na mazungumzo ya mafuriko yanayoishia kwenye barabara na magari yaliyokwama. Wakazi wengi wa pembezoni hawajaunganishwa na mabomba ya majitaka. Kila nyumba ina chemba na shimo lake la kunywea maji, na shimo hilo linategemea udongo umeze. Familia ya watu sita ikitumia lita 50 kila mmoja inamwaga chini lita 9,000 kwa mwezi. Kiangazi mchanga unavumilia. Masika, maji ya ardhini yanapanda na kuingia shimoni kutoka pembeni, na choo kinajaa hata kama familia imesafiri. Unaita gari la majitaka, linanyonya, na baada ya siku tatu shimo limejaa tena. Hujadanganywa na mwenye gari. Umelipia kunyonya maji ya mtaa mzima.

Wengine hawaiti gari. Wanasubiri mvua kubwa ya usiku na kutapisha choo kwenye mkondo. Kila mtu mtaani anajua nani anafanya hivyo, na mjumbe naye anajua. Sisemi hivyo ili kumchongea mtu. Gari ni ghali, na mitaa mingine halifiki kwa sababu njia ni nyembamba. Temeke zimewahi kujaribiwa pampu za mkono ziitwazo Gulper, ambazo hunyonya tope la choo bila kuhitaji gari kubwa. Ni wazo zuri kwa vichochoro vyetu. Lakini pampu inapunguza tope, haizuii maji ya ardhini kurudi.

Sasa ongeza kisima kifupi. Kisima kinachotoa maji kwenye kina kidogo mara nyingi kinachota maji yaliyotulia juu ya tabaka, yaani kutoka kwenye ndoo ileile inayopokea vyoo. Maji yanaweza kuwa meupe, baridi na matamu. Vijidudu vya kipindupindu havina rangi. Agosti 2015 mlipuko wa kipindupindu ulianzia Kinondoni, ukaenea mikoani, na kufikia mwaka uliofuata zaidi ya watu 20,000 walikuwa wameugua nchini. Sisemi chanzo kilikuwa visima vifupi peke yake. Nasema mahali ambapo choo na kisima vinachangia mchanga mmoja ulioziba chini, ugonjwa huo haukosi njia.

Ndipo linakuja wazo ambalo nalisikia mara nyingi, na linaniogopesha kuliko mafuriko yenyewe. Fundi anamwambia mwenye nyumba: shida ni hili tabaka, tulitoboe, tushuke mpaka mchanga wa chini, choo chako hakitajaa tena. Anasema kweli, hakitajaa kwa muda. Ila tabaka hilo la mfinyanzi ndilo paa la maji ya chini. Sehemu nyingi za Dar es Salaam zina maji katika ngazi mbili: ya juu kwenye mchanga wa karibu, na ya chini kwenye mchanga wa kina, na kati yake kuna mfinyanzi. Maji ya chini ndiyo yanayofikiwa na visima virefu vya watu binafsi, shule na zahanati. Mwaka 2022, Ruvu ilipopungua na jiji likaingia kwenye mgao wa maji, visima virefu vya Kigamboni viliingizwa kusaidia. Ukitoboa paa hilo ukaliunganisha na choo, unapeleka uchafu mahali ambapo mvua wala jua havitausafisha. Tabaka lililochukua maelfu ya miaka kujengwa linatobolewa kwa mchana mmoja, na hakuna fundi wa kulirudisha.

Kisima kirefu kilichochimbwa ovyo hufanya madhara yaleyale. Bomba likipita kwenye mfinyanzi bila kuzibwa pembeni kwa saruji au udongo maalumu, maji machafu ya juu yanateremka kwa nje ya bomba. Ukimlipa mchimbaji, mwambie akuonyeshe anavyoziba, na umsimamie anapofanya hivyo.

Serikali imefanya nini? Si kwamba haijafanya. Mradi wa DMDP, uliogharamiwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia, ulijenga barabara na mifereji katika manispaa za Kinondoni, Ilala na Temeke, na aliyekuwa akiishi jirani na mifereji hiyo kabla na baada anaona tofauti. Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha tena dola milioni 200 kwa ajili ya bonde la Msimbazi, likiwamo eneo la Jangwani ambako Barabara ya Morogoro hufungwa kila maji yanapojaa. Tope linaloinua kitako cha mto pale Jangwani ni udongo wetu wenyewe kutoka vilima vya juu, unaomomonyoka tunapofyeka, tunapokata barabara za mitaa na kuchimba mchanga mitoni.

Lakini mfereji mkubwa hutoa maji yanayotiririka juu. Maji yaliyosimama ndani ya mchanga, juu ya mfinyanzi, hayauoni mfereji huo ikiwa kuta zake ni zege tupu na kitako chake kiko juu kuliko maji yenyewe. Eneo la namna hiyo linahitaji mifereji midogo ya kina iliyojazwa kokoto, inayoyaruhusu maji ya ardhini kuingia kutoka pembeni na kuyapeleka bondeni. Kazi hiyo haimalizwi na mwenye nyumba mmoja; akichimba peke yake anamsaidia jirani wa juu na kumzamisha wa chini. Ni kazi ya mtaa, na mtaa una mwenyekiti.

Vilevile iangaliwe namna tunavyopima viwanja. Mpima ardhi akija anapima urefu na upana, anapanda mawe ya mipaka, anaandika namba. Kwenye ghorofa sheria ya ujenzi inamlazimu mhandisi kupima udongo. Kwa nyumba ya kawaida ya vyumba vitatu, yenye choo cha shimo na kisima, hakuna anayechungulia chini. Nadhani hilo ni kosa, na si ghali kulirekebisha. Kampuni inayopima viwanja 200 shambani Mkuranga ingeweza kuchimba mashimo kumi ya mita mbili na kuandika imeona nini. Mnunuzi angejua kabla ya kulipa. Pengine ndiyo sababu hayachimbwi.

Hadi hilo litokee, mnunuzi achimbe mwenyewe. Muuzaji akikataa usichimbe, umeshapata jibu la nusu. Nenda mwishoni mwa masika, siyo Agosti. Agosti kila kiwanja ni kizuri. Chimba mita moja na nusu, na zaidi ukiweza. Angalia rangi: nyekundu au hudhurungi iliyokolea sawasawa ina maana hewa inapita na maji hayakai. Kijivu chenye madoa ya kutu ina maana maji hukaa hapo miezi kadhaa kila mwaka, hata kama siku hiyo shimo ni kavu. Chukua udongo wa chini, uloweshe, uvingirishe viganjani. Ukitoka kama kamba nyembamba na ukapinda kuwa pete bila kukatika, hapo mfinyanzi ni mwingi. Ukitaka uhakika, weka udongo kwenye chupa ya maji, tikisa, iache. Mchanga unatua kabla hujamaliza kuhesabu mpaka 60. Mfinyanzi utakuta kesho yake bado umeyachafua maji.

Kisha mimina maji shimoni, yaache yazame, mimina tena na upime kwa kijiti yameshuka kiasi gani kwa nusu saa. Kama kesho asubuhi bado yapo, usipange choo cha kuzama mahali hapo. Panga choo kilichoinuliwa juu ya ardhi na chemba isiyovuja, na uweke kwenye bajeti gharama ya kunyonya kila mwaka. Angalia pia majani. Matete mara nyingi huota mahali ambapo maji hukaa.

Aliyekwisha kujenga asipoteze fedha kuhamisha choo kutoka kona moja ya kiwanja kwenda nyingine. Tabaka liko kote. Aanze na maji ya bati: ayakinge kwenye tangi, atumie kufulia, na yaliyozidi ayatoe kwa mfereji mpaka mahali walipokubaliana na majirani. Apande miti pembeni, siyo karibu na msingi. Maji ya kisima kifupi yachemshwe au yatiwe dawa, hasa kati ya Aprili na Juni.

Na wewe mkulima wa Mkuranga au Kisarawe ambaye madalali wameanza kukutembelea: kwako tabaka hilo lina maana nyingine. Ukiwa nalo karibu, mihogo itaoza na mikorosho itadumaa, lakini mpunga na magimbi yatakubali. Ukitaka shamba lako lipimwe kitaalamu, kituo cha utafiti cha TARI Mlingano, Tanga, kinashughulika na udongo, na Chuo Kikuu cha Sokoine cha Morogoro kina maabara. Na siku utakapoamua kuuza, unajua pale ambapo mihogo haikuwahi kukubali. Mwambie mnunuzi.